SOMO LA KUKU: Akinyonyoka Manyoya, Usimwuze Kabla ya Kumtazama

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Shimanzi, Mombasa



Somo letu la mwezi huu ni la kuku anayebadili tabia na kunyonyoka manyoya. Hapana mfugaji asiyeliona jambo hili. Juzi kuku alikuwa mnene, kichwa chekundu, akitetea kila aliposhuka kiotani hata majirani wakajua ametaga. Leo manyoya yametapakaa uani kana kwamba mto umepasuka, na mwenyewe anatembea kama aliyeponea chupuchupu kuingia sufuriani. Hatagi, hatetei, wala hataki kushikwa.

Mwenye kuku akiona hivyo huingiwa na hofu, na hofu hiyo humpeleka katika moja ya njia tatu. Mmoja humchinja. Wa pili humwuza kwa bei ya hasara kwa mchuuzi apitaye, naye mchuuzi hujua sana kusema, "Huyu ana ugonjwa, nipe kabla hajakufia." Wa tatu husema, "Ni manyoya tu," akamwacha, kumbe kweli ni ugonjwa, na baada ya juma moja banda zima ni tupu. Hasara zote tatu zina asili moja: mfugaji hakujua kutofautisha kuku anayebadili vazi na kuku anayeumwa. Shabaha ya somo hili ni kumfundisha kila msomaji kuzipambanua hali hizo mbili kwa macho yake na vidole vyake.

KWA NINI TUMTAZAME KUKU MMOJA WA UANI

Shimanzi ni sehemu ya kisiwa cha Mombasa iliyo karibu na bandari ya Kilindini. Kuna matangi ya mafuta, maghala, njia ya reli na malori mchana na usiku. Si mahali pa mashamba. Hata hivyo katika nyua za watu utamkuta kuku mmoja au wawili, aliyelelewa tangu kifaranga, anakula makombo ya jikoni na punje zilizomwagika, watoto wamempa jina, naye akiitwa huja mpaka mapajani.

Mkulima aliye na ekari zake Shimba Hills, Magarini au katika skimu ya Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni aweza kuuliza, "Kuku wa mjini ananihusu nini mimi?" Anakuhusu sana. Kuku mmoja aliyezoea watu hutazamwa kutwa. Akiacha kutaga, hujulikana siku ile ile. Akikataa kushikwa, mtoto hulia siku ile ile. Lakini mwenye kuku arobaini waliotawanyika shambani hayaoni mabadiliko mpaka yamekuwa makubwa. Basi na tujifunze kwa huyu mmoja, kisha elimu hiyo tuipeleke kwa wale arobaini.

UNYOYA NI NINI, NA KWA NINI HUDONDOKA

Unyoya ukishakua ni kitu kikavu, kisichokuwa na uhai, kama ukucha au unywele. Ukivunjika haujiungi. Mwaka mzima kuku huchakura, huoga mchanga, hupita michongomani, hupandwa na jogoo, hulalia mayai. Manyoya huchakaa kama kanzu ya kazi. Kwa sababu hayawezi kutiwa kiraka, mwili huyasukuma nje ya ngozi na kuotesha mapya. Kwa kawaida kuku hubadili manyoya yake kwa mara ya kwanza ya utu uzima apatapo umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na baada ya hapo karibu mara moja kila mwaka. (Kifaranga naye hubadili manyoya zaidi ya mara moja katika kukua kwake, lakini hilo si jambo la kutisha mtu.)

Kwa nini basi huacha kutaga? Sehemu zaidi ya 80 katika 100 za unyoya ni protini, ile lishe ya kujenga mwili. Yai nalo lahitaji protini nyingi. Kuku hana ghala mbili. Akitaka kushona nguo mpya lazima afunge duka la mayai kwa muda. Kwa hiyo kuku anayenyonyoka na asiyetaga hakugoma wala hakuzeeka, bali amehamishia mali yake katika kazi nyingine.

Kunyonyoka huku kuna mpango. Huanza kichwani na shingoni, huteremka kifuani na mgongoni, kisha mabawani na mkiani. Ukimchunguza utaona kwamba mahali palipoachwa wazi pana vijiti vidogo vinavyochomoza kama miiba ya nungunungu. Hivyo ndivyo manyoya mapya. Ndani ya kila kijiti mna damu ya kuulisha unyoya unaokua, na nje pana ganda jembamba ambalo kuku hulivunjavunja kwa mdomo unyoya ukiwa tayari kukunjuka.

HUKU KWETU JUA HALITOI KALENDA

Vitabu vingi vya kuku viliandikwa Ulaya na Marekani. Vinasema kwamba kuku hunyonyoka majira ya kupukutika majani, siku zinapofupika. Kwao ni kweli. Mjini London mchana wa mwezi wa Juni huzidi saa 16, na wa Desemba haufiki saa 8. Mwanga huingia katika jicho la kuku, na hata hupenya mfupa wa fuvu mpaka kwenye ubongo; mchana ukifupika, ubongo hutoa amri, mayai husimama na manyoya hudondoka.

Lakini Mombasa iko kwenye digrii 4 tu kusini ya Ikweta. Tofauti baina ya mchana mrefu wa Desemba na mchana mfupi wa Juni haifiki hata nusu saa. Kwa hiyo mkulima wa pwani asingoje mwezi fulani, wala asistaajabu kuona kuku wake mmoja ananyonyoka wakati wa kusi na mwingine wakati wa kaskazi. Huku kwetu sababu ni nyingine, nazo ni hizi:

1. Kuku ametaga muda mrefu, na mwili wataka kupumzika.

2. Amemaliza kulalia mayai kwa siku 21 na kulea vifaranga kwa majuma mengi, akila kidogo na kuwaachia wanawe. Koo wa namna hii hukonda, na wakati wa kuacha vifaranga ndipo mara nyingi huvua vazi la kale.

3. Amekosa maji. Siku moja au mbili za chombo kikavu katika joto la pwani zatosha kumsimamisha kutaga na kumwangusha manyoya.

4. Chakula kimebadilika ghafula au kimepungua.

5. Amehamishwa. Kuku aliyesafirishwa kapuni juu ya matatu, akauzwa Kongowea, akafungwa ua mgeni, amepatwa na mshtuko mkubwa.

6. Ameondolewa mwanga. Yako mabanda yanayomulikwa usiku kucha na taa ya ulinzi ya ghala la jirani. Kuku wa banda hilo kwake ni mchana mrefu. Taa ikizimwa, au akihamishiwa banda la giza, ni kama amepelekwa Ulaya mwezi wa Novemba kwa siku moja. Mkulima wa skimu aliyetia taa ya umeme au ya jua katika banda la kuku akumbuke jambo hili: mwanga wa nyongeza usiondolewe ghafula.

Basi swali la kwanza la mfugaji wa pwani lisiwe, "Huu ni mwezi gani?" Liwe, "Majuma mawili matatu yaliyopita, kuku huyu alipatwa na nini?" Mara nyingi jibu atalipata katika kopo la maji.

TABIA ZINAZOBADILIKA

Wengi hutishwa na tabia kuliko manyoya. Kuku aliyekuwa akipanda mapajani sasa anakimbia, na mtoto hudhani amemkasirikia. Sivyo. Vile vijiti vya manyoya mapya vina hisi nyingi katika mashina yake, na mkono ukivikandamiza kuku huona uchungu. Akimkwepa binadamu hajawa mkali. Anajilinda tu.

Mabadiliko mengine ya kawaida ni haya. Upanga, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, hunywea na kupauka rangi. Sauti hupungua, kwa sababu kutetea ni desturi ya kuku atagaye. Hupenda kukaa peke yake kivulini, chini ya ghala au nyuma ya pipa. Hujikuna na kujitengeneza kwa mdomo saa nyingi, na maganda meupe kama mba huanguka. Jioni huenda akakataa kulala kitini pamoja na wenzake.

Hilo la mwisho lina sababu yake. Kuku wana vyeo. Mwanachuoni wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ndiye aliyeandika habari hizi miaka ya 1921 na 1922 baada ya kuwatazama kuku kwa miaka mingi: katika kundi kila kuku amjua wa kumdona na wa kumwogopa. Kuku anyonyokaye hupoteza wekundu wa upanga na uzito wa mwili, basi wadogo zake hupata nafasi ya kumfukuza penye chakula. Aliyekuwa wa kwanza kula sasa hula mwisho, wakati ule ule anapohitaji lishe zaidi. Mfugaji asipolijua hili atadhani kuku amekataa kula, kumbe amenyimwa nafasi. Mjaribu: mtenge, mwekee chakula chake peke yake. Akila kwa bidii, hana neno. Asipotazama hata dagaa, hapo pana shaka.

SI KILA ALIYE UCHI ANABADILI MANYOYA

Kabla ya kusema "anabadili manyoya", mshike kuku kwa upole, jioni akiwa ametulia, umchunguze mambo haya:

(a) Okota unyoya ulioanguka. Unyoya uliotoka wenyewe ni mzima tangu shina mpaka ncha, na shina lake ni kavu na safi. Ukiona vipande vilivyokatikakatika, au shina lililotafunwa, au damu, kuku anadonolewa na wenzake au anashambuliwa na wadudu.

(b) Tazama mahali palipo wazi. Pakiwa na vijiti vipya, ni kubadili manyoya. Pakiwa patupu majuma mengi bila kijiti hata kimoja, tafuta sababu nyingine.

(c) Mgongo na kisogo tu ndivyo vilivyo wazi, na pengine pana mikwaruzo? Huyo ni mke mpendwa wa jogoo. Dawa ni kumtenga na jogoo kwa muda, au kupunguza majogoo. Jogoo mmoja kwa makoo kumi watosha.

(d) Kifua na tumbo tu ndivyo vilivyo wazi, na kuku hang'oki kiotani, anavimbisha mwili na kunguruma ukimsogelea? Huyo anataka kulalia. Amejinyonyoa ili ngozi yenye joto iguse mayai.

(e) Fungua manyoya chini ya mkia na chini ya mabawa. Chawa huonekana wakikimbia, na mayai yao hushikamana na mashina ya manyoya kama chembe za unga. Utitiri mwingine hujificha mchana katika nyufa za banda na hutoka usiku kunyonya damu. Ingia na tochi usiku, pitisha karatasi nyeupe chini ya fito. Viroboto hukaa usoni na kando ya macho. Papasi nao hujificha katika kuta za udongo.

(f) Kumbuka asili ya kuku. Kuku wa kishingo hana manyoya shingoni tangu kutoka katika yai. Kidimu manyoya yake hujikunja na kusimama. Na kuchi, yule mrefu wa pwani, ana manyoya machache yaliyomshika mwilini. Hao wameumbwa hivyo, usiwahangaishe kwa dawa.

JIHADHARI NA KIDERI

Sasa twaja kwenye jambo la hatari zaidi. Kuku anayebadili manyoya amepauka na amenyong'onyea kidogo, lakini jicho lake li wazi, anakula, anakunywa, anakimbia akifukuzwa. Kuku mgonjwa huonyesha dalili nyingine. Hujikunyata macho yakiwa yamefumba. Mabawa huning'inia. Hapumui vizuri, hutweta kinywa kikiwa wazi, au hukoroma. Kinyesi ni cha majimaji, pengine cha kijani. Shingo hupinda, miguu hupooza, hutembea kinyumenyume au kuzunguka mahali pamoja. Na alama kubwa kuliko zote ni hii: kubadili manyoya humshika kuku mmoja mmoja, na hakuui, ugonjwa hushika kundi, na vifo hufuatana siku kwa siku.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni kideri. Vitabu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, ambako ulitambuliwa mwaka 1926. Mwaka ule ule ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Katika Kenya uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935, huku kwetu Mombasa. Jambo hilo lina funzo kwa sisi tukaao karibu na bandari na reli. Popote watu na mizigo wanapokutana, kuku nao hukutana, na wakikutana huachiana magonjwa.

Kideri hakina dawa ya kutibu. Kinga ni chanjo. Chanjo hiyo hutengenezwa hapa nchini na taasisi ya Serikali ya chanjo za mifugo, KEVEVAPI. Kuku wa kienyeji hutiwa tone jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au kama daktari wa mifugo atakavyoagiza. Chanjo yataka kuwekwa baridi na kutumiwa upesi ikishachanganywa. Haimponyi aliyekwisha kuugua, kwa hiyo wachanjwe wakiwa wazima. Mkulima mwenye kuku watano aungane na jirani zake, chupa moja huchanja kuku wengi, na gharama kwa kila mtu huwa ndogo.

Wahenga wamesema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Mfugaji aishike methali hii kama sheria. Kuku yeyote anunuliwaye au aletwaye zawadi afungwe mbali na wenyeji kwa majuma mawili au zaidi. Akinyonyoka manyoya katika siku hizo kwa sababu ya safari, hakuna hasara. Akiugua, ameugua peke yake. Na ikiwa kuku wako mwenyewe ameonyesha dalili tulizotaja, usimpeleke sokoni. Mwite Bwana Mifugo. Waliokufa wafukiwe katika shimo refu au wachomwe moto, wala wasitupwe njiani, maana mbwa na kunguru watawagawia jirani.

SOMO LA BAWA: NI KUKU YUPI WA KUWEKA?

Ikiwa umethibitisha kwamba kuku wako anabadili manyoya tu, bado kuna swali la faida: wote wastahili kulishwa mpaka warudi kutaga? Bawa litakujibu.

Fungua bawa kama upepeo. Katikati utaona unyoya mmoja mfupi kuliko wenzake. Kutoka hapo kwenda ncha ya bawa yako manyoya marefu, kwa kawaida 10. Haya huanguka kwa mpangilio: wa kwanza ni ule ulio karibu na unyoya mfupi, kisha wa pili, mpaka ule wa nchani kabisa. Kila unyoya mpya huchukua karibu majuma 6 kukua mpaka kutimia.

Sasa tufanye hesabu. Kuku A hudondosha unyoya mmoja kila baada ya majuma 2. Unyoya wa kumi utaanguka juma la 18. Ongeza majuma 6 ya kukua: jumla majuma 24, karibu nusu mwaka. Kuku B hudondosha matatu kwa pamoja. Baada ya majuma 2 matatu mengine. Baada ya majuma 2 tena manne yaliyobaki. Ya mwisho yameanguka juma la 4. Ongeza 6: jumla majuma 10.

Ukiwatazama uani, B ndiye anayetisha. Yuko uchi, mabawa yamepukutika, watoto wanamcheka. A anaonekana nadhifu, kwani hupoteza kidogo kidogo. Mkulima asiyejua humwuza B na kumweka A. Hapo ametupa mtagaji na kumlisha mvivu. Aghalabu kuku mtagaji mwema huchelewa kunyonyoka, hutaga mpaka vazi limechakaa kabisa, kisha huvua yote kwa pamoja na kurudi kazini upesi. Kuku dhaifu hunyonyoka mapema na polepole. Ndiyo maana twasema: usimhukumu kuku kwa sura siku hizo.

Yuko pia anayepima mifupa miwili ya nyonga, ile iliyo kando ya mahali pa kutokea yai. Kwa kuku anayetaga hupita vidole viwili mpaka vitatu. Kwa asiyetaga hupita kidole kimoja. Kipimo hiki ni kizuri, lakini hakifai wakati wa kunyonyoka, maana wakati huo hata mtagaji bora hujifunga. Ngojea amalize.

Shahidi wa kweli ni daftari. Mfunge kila kuku uzi wa rangi yake mguuni, usiobana. Andika siku aliyoanza kutaga, siku aliyosimama, siku alipoanza kunyonyoka na siku aliporudi kutaga. Mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya kazi hiyo, na baada ya mwaka mmoja utajua nani anakulisha na nani unamlisha.

MATUNZO YA KUKU ANAYENYONYOKA

1. Chakula. Mahindi matupu hayashoni nguo. Mpe dagaa waliotwangwa, kiasi cha kijiko kimoja cha chakula kwa kuku mmoja kwa siku. Dagaa wenye chumvi nyingi waoshwe kwanza na kukaushwa, kwa kuwa chumvi humdhuru kuku. Wasipopatikana, mpe matumbo ya samaki yaliyochemshwa, mchwa, mashudu ya simsim au ya alizeti, na kunde zilizochemshwa. Mashudu ya nazi ni mema lakini peke yake hayatoshi. Chakula cha dukani cha kuku wa mayai chenye protini 16 mpaka 18 katika 100 nacho chafaa. Chochote chenye ukungu kisitumiwe kamwe.

2. Maji. Maji safi kivulini, mchana kutwa. Kuku mmoja hunywa robo lita kwa siku, na joto likizidi huongeza sana.

3. Asishikwe. Waelezeni watoto kwamba kuku amevaa nguo yenye miiba ndani, mpaka vijiti vikunjuke. Ikibidi kumshika, kamateni mabawa juu ya mwili kwa mikono miwili, msivute miguu.

4. Ukimya. Msimhamishe, msimchanganye na kuku wageni, msimbadilishie banda wakati huu. Mpeni mahali pakavu pasipo na upepo wa mvua, maana ngozi yake iko wazi.

5. Damu. Kijiti kikivunjika hutoka damu, na kuku wenzake huipenda rangi nyekundu wakamdona mpaka kumwua. Mtenge mara moja, bonyeza pamba au kitambaa safi mpaka damu isimame.

6. Mchanga wa kuoga. Weka sanduku la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu ya kuni yaliyopoa. Kwa chawa na utitiri tumia dawa ya unga aliyoielekeza Bwana Mifugo, na ziba nyufa za banda. Wako watu wanaompaka kuku mafuta ya taa au oili chafu ya gari. Acheni. Huchoma ngozi, humdhuru kuku, na pengine huingia katika yai.

7. Asinyimwe chakula. Zamani katika mashamba makubwa ya ng'ambo kuku walinyimwa chakula siku kadhaa makusudi ili wote wanyonyoke kwa pamoja na kurudi kutaga pamoja. Nchi za Umoja wa Ulaya zimelikataza jambo hilo. Mkulima wa skimu asisikilize ushauri wa namna hii. Kuku wa kienyeji aliyekonda hana akiba ya kufunga.

Kwa matunzo haya kuku mzima humaliza kubadili manyoya katika miezi miwili mpaka mitatu, na wengine huchukua zaidi. Utajua amekaribia kutaga upanga unaporudi kuwa mwekundu, anapochutama ukimwekea mkono mgongoni, na anapoanza kuchunguza viota. Mayai ya baada ya mapumziko mara nyingi huwa makubwa zaidi na ganda lake ni imara kuliko yale ya mwisho kabla hajasimama. Hiyo ndiyo faida ambayo mchuuzi wa langoni huijua, na ambayo ni haki ya mwenye kuku.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya nyumbani pamoja, mzee, mama na vijana, kisha mwende bandani mkayajibu mbele ya kuku mwenyewe.

1. Taja sababu tatu za kuku wa pwani kunyonyoka ambazo hazihusiani na majira ya mwaka.

2. Kuku wako amekuwa uchi mgongoni tu. Utatazama nini kabla ya kununua dawa?

3. Kuku watatu wamejikunyata asubuhi moja, kinyesi ni cha kijani. Je, hawa wanabadili manyoya? Utamwita nani, na utawafanyaje wale wazima?

4. Kuku amedondosha manyoya matano ya bawa katika juma moja. Jirani asema mwuze. Utamjibu nini?

5. Bawa la kuku mwingine lina unyoya mmoja mpya uliotimia, mmoja wa nusu, na minane ya kale. Je, amekaribia kumaliza au ndiyo kwanza anaanza?

Aliyejibu yote matano anaweza kumfundisha jirani yake, na afanye hivyo. Chanjo ya banda moja hailindi kijiji ikiwa banda la pili halijui kideri ni nini. Na kuku atakayeokoka kisu juma hili kwa sababu mwenyewe alifungua bawa na kuhesabu, huyo atalipa ada ya somo hili kwa mayai.